Afande, nakuandikia nikiwa Mutukula

Mutukula, 16 Februari

Afande wangu,

Tangu nisikie umekuwa OCD sijui nikuite kaka au nikupigie saluti kabisa. Mama yako alinipigia simu kunipasha habari kabla hata wewe hujavaa nyota zako. Hongera sana. Unakumbuka line polisi, filimbi ya bendera ikilia saa kumi na mbili jioni, tunaganda kama sanamu huku mpira unajiendea zake mtaroni? Nani angedhani mmoja wetu atakuja kuwa mkuu wa polisi wa wilaya, mwenye kituo chenye filimbi yake!

Mimi nimekwama hapa mpakani na malori mawili ya mchele. Upande wa pili, Uganda, leo ni sikukuu ya Askofu Mkuu Janani Luwum, benki zimefungwa na karatasi hazitembei. Madereva wamelala chini ya tela. Nami niko kwa mama ntilie, chai ya pili hii, namuwaza mtu mwingine aliyeuawa pamoja na huyo askofu. Alikuwa polisi mwenzako, tena aliyefika juu kuliko wote.

Anaitwa Erinayo Oryema, Mwacholi wa Anaka, kule unakopita ukitoka Gulu kwenda Olwiyo. Alipanda vyeo chini ya Mwingereza hadi 1964, mkuu wa polisi Mwingereza, Macoun, alipoondoka, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda. Cheo kikubwa, ila mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Januari hiyohiyo wanajeshi walikuwa wameasi Jinja, siku chache tu baada ya wale wetu wa kambi ya Colito, Dar es Salaam. Nyerere alilivunja jeshi lake akaunda jingine. Obote, waziri mkuu wa Uganda, aliwapandishia mishahara. Wakati wa uhuru polisi wa Uganda walikuwa wengi kuliko wanajeshi, lakini kuanzia hapo jeshi likawa ndilo linalolishwa likanenepa. Oryema akakabidhiwa kiti kikubwa wakati nguvu zinahamia kambini.

Ukafika 1971. Obote yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Tarehe 25 Januari askari mmoja akasoma redioni sababu 18 za kumpindua. Baadaye ikasikika sauti ya Oryema mwenyewe, akisema polisi wako pamoja na jeshi. Wananchi wakajua mambo yameisha.

Nimeshabishana na madereva wa Kiganda kuhusu sauti hiyo mpaka usiku. Wengine wanasema angefanya nini, vifaru viko barabarani na vijana wake wana marungu? Nakubali. Hata baba zetu wangepiga saluti, tusidanganyane. Siku ile ya redio namsamehe. Kinachonishinda ni miaka iliyofuata. Mwaka huohuo wanajeshi wa Kiacholi na Kilango, watu wa kwao, walichinjwa makambini. Yeye alikuwa waziri wa ardhi, madini na maji. Wakamvalisha gwanda la jeshi, luteni kanali, yeye polisi wa maisha yake yote! Akakaa kwenye baraza la mawaziri la Idi Amin, yule aliyempindua Obote, miaka sita. Labda alifikiri akiwa ndani atawakinga wachache. Labda aliogopa kwa ajili ya watoto. Mimi nimelelewa kwa mshahara wa sajenti, siwezi kujifanya sijui woga wa nyumba ya serikali unavyokuwa.

Tarehe kama ya leo, 1977, waliitwa hoteli ya Nile Mansions, Kampala. Ndiyo hiyohiyo Serena ya leo. Silaha zimepangwa hadharani, wanajeshi wamejaa, wanapiga kelele wauawe. Wakachukuliwa watatu: Askofu Mkuu Luwum, Oryema, na Charles Oboth-Ofumbi, waziri wa mambo ya ndani. Hebu fikiria, waziri mwenye polisi na mtu aliyewahi kuwaongoza polisi, wote hawana wa kumpigia simu. Kesho yake redio ikatangaza ajali ya gari, eti walitaka kumdhibiti dereva. Redio ileile.

Mwaka jana nilipita mbele ya hoteli hiyo. Nilimsalimia mlinzi wa getini kwa Kiswahili changu cha Bukoba, akakaza mgongo, mikono ubavuni. Kule Kiswahili bado kina harufu ya kambi. Nikaona aibu, nikamwambia mimi ni mtu wa mchele tu.

Ila nikimkumbuka Oryema, picha inayonijia si ya hoteli wala ya redio. Alikuwa na mwana, Geoffrey, akaja kuwa mwanamuziki mkubwa huko Ulaya. Aliyemfundisha kupiga nanga ni baba yake. Nanga ni ile ya nyuzi saba, ndugu ya enanga ya Wahaya wa huku kwetu. Basi namwona Inspekta Jenerali amevua kofia na mkanda, amekaa chini, nanga mapajani, anamwonyesha mtoto kidole kinapokaa. Baba alipouawa, kijana akavushwa hadi Kenya akiwa amefichwa kwenye buti la gari, kisha Ufaransa. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1990, na ndani yake anaiimba Anaka kwa jina. Alirudi kupiga muziki Kampala mwishoni mwa 2016, karibu miaka 40 tangu aondoke. Akafia Ufaransa 2018. Wimbo wa Anaka ninao kwenye simu. Dereva wangu hajui Kiacholi hata neno, lakini ukianza tu anapunguza mwendo.

Mama yako aliniomba nikuandikie maneno ya kukushauri, sasa wewe ni mkubwa. Ushauri sina, mshauri gani anayelala chini ya lori? Nimekuandikia hii badala yake, nawe usimwambie.

Senene niliokuwekea tangu Desemba bado wako kwenye kopo, sijawagusa, japo nimejaribiwa. Nielekeze kota yako mpya iko upande gani wa kituo nimpe konda wa basi. Na useme kama wanapokea mzigo getini, maana mara ya mwisho kopo lilifika limepungua robo, na mahali penyewe palikuwa pa polisi.

Ni mimi,
Jirani yako wa chumba namba nne