Mchunguzi wa kipindupindu asije na kitabu cha faini

Mhariri,

Sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hatujasahau kijiji cha Kagunga, Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana ufukweni na kipindupindu kikawavamia hapo hapo. Ndiyo maana naumia nikiona watu wakiwadanganya wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba kutafuta chanzo cha kipindupindu.

Maswali yao si umbea. Dalili huanza ndani ya saa chache hadi siku tano baada ya mtu kumeza vimelea, kwa hiyo ni lazima waulize za siku hizo: maji mlichota wapi, mlikula msiba gani, nani alifua nguo za mgonjwa. Majibu ya nyumba kadhaa yakilinganishwa, chanzo huonekana, hata kabla maabara haijamaliza kuotesha vimelea kutoka kwenye sampuli ya kinyesi ili kuvitambua.

Mtaani kwetu Ujiji nimemsikia mama akiapa kwamba wanakunywa maji ya bomba, huku ndoo ya maji ya ziwa ikiwa mlangoni, mchanga umetuama chini. Aliogopa. Anayeuliza leo ndiye aliyepita juzi kukagua vyoo na kutoza faini, sasa nani atamwambia ukweli?

Naiomba halmashauri itenganishe kazi hizi mbili. Wakati wa mlipuko, anayekwenda kuhoji awe mhudumu wa jamii anayefahamika mtaani, na asiandike faini yoyote. Na vijiji visivyofikika kwa gari vitengewe mafuta ya boti mapema, maana huko taarifa ikichelewa siku mbili, kisima kile kile kinaendelea kunywesha watu.

Mkazi wa Ujiji,
Kigoma