Malalamiko: breki za rili yenu zinaganda, na waranti mmenikatalia kisa nimefungua kifuniko ambacho kitabu chenu kinasema nifungue

Kwenu huduma kwa wateja, habari za kazi.

Naandika tena, ila safari hii kwa imeili na kwa urefu, maana kule wasapu naona najibiwa na mtu ambaye hajawahi kushika rili mkononi, mnisamehe lakini ndo ukweli. Ishu ni ileile, rili yenu (mashine ya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki) ya kurushia ya mkono wa kulia, ile bapa inayokaa juu ya rodi, yani fimbo ya kuvulia, na sio chini, yenye breki mbili, ya sumaku na ya brekipedi, vile vipande vidogo vya plastiki. Niliinunua dukani kwenu Dar kwa laki mbili na sabini, risiti ninayo, boksi ninalo, hadi kile kikaratasi cha waranti ya mwaka mmoja ninacho na mwaka wenyewe haujafika hata nusu.

Breki zinaganda. Mkanijibu kwamba waranti imekufa kwa sababu kifuniko cha pembeni kimefunguliwa na mteja, na hapo ndipo mliponichefua. Kitabu chenu wenyewe kilichokuwa ndani ya boksi kimeandika, na picha kimeweka, kwamba kupanga brekipedi unafungua kifuniko cha pembeni, unazisukuma nje au ndani kutegemea uzito wa chambo na upepo wa siku hiyo. Hakuna njia nyingine ya kuzifikia, nyie mnajua na mie najua. Sasa mtu afungue au asifungue? Nisipofungua siwezi kuitumia mashine niliyoilipia, nikifungua nimeua waranti. Basi mngeandika pale dukani kabisa kwamba waranti inaisha mteja akianza kuvua, tungejua moja.

Ngoja nielezee tatizo lenyewe vizuri maana najua barua hii itapita na kwa watu wa mahesabu ambao hawavui. Hizi rili sio kama zile za kawaida ambazo spuli, lile gurudumu linalobeba mshipi, imesimama na mshipi unachomoka tu. Hizi ukirusha spuli yenyewe inazunguka. Chambo kinatoka kwa kasi, kinavuta mshipi, spuli inachanganya, alafu kule hewani chambo kinaanza kupunguza mwendo ila spuli haina habari, inaendelea kumwaga mshipi ambao hauna pa kwenda, unarudi unajisokota humohumo ndani na unachobaki nacho ni kichwa cha mtoto aliyeamka hajachanwa nywele, unakaa juu ya jiwe unafumua na kucha huku wenzio wanapiga samaki. Breki kazi yake ni kuzuia hicho tu.

Brekipedi ni vile vipande vidogo vya plastiki vilivyovaa kwenye vijiti pembeni ya spuli, spuli ikichanganya vinasukumwa nje vinaenda kusugua ringi iliyoko ndani ya kifuniko, kasi ikishuka vinaachia. Kasi ikiwa mara mbili nguvu ya kuvisukuma inakuwa mara nne, ndo maana zinakamata kweli mwanzoni mwa kurusha na mwishoni wala huzisikii. Sumaku zenyewe hazigusi kitu. Spuli ni ya aluminiamu na sumaku haivuti aluminiamu, ila aluminiamu ikizunguka karibu na sumaku unazaliwa umeme ndani yake unaopingana na ule mzunguko, basi spuli inapungua kasi bila msuguano wowote. Zile namba za pembeni, sifuri mpaka 10, kazi yake ni kusogeza sumaku karibu na spuli au kuziweka mbali. Ni kitu kitamu sana kikifanya kazi, hata mie nilikinunua kwa ajili hiyo. Na wala sio teknolojia ya jana, ABU wa Sweden, ambao walianza kama kiwanda cha saa, walikuwa wanaweka brekipedi za namna hii kwenye rili zao tangu miaka ya 1950, na rili hizo za zamani zipo mpaka leo zinarusha. Kwa hiyo msiniambie ni kitu kigumu.

Sasa yangu. Mwanzoni ilikuwa poa, natupa kutoka kwenye mawe huku Tanga, chambo cha bandia cha gramu 20, natafuta kolekole na akija mzia sikatai. Kusi ilipoanza ndo mambo yakajionyesha, maana upepo ukikupiga usoni chambo kinaishiwa mwendo haraka na hapo ndipo breki inapotakiwa kuliko wakati wowote. Naweka namba 8, mshipi unafumuka utadhani niko sifuri. Nashusha 3, chambo kinadondoka hapo mbele ya miguu, spuli imeshikwa utadhani niko 10. Namba zenyewe ukizungusha zinalia tik tik tik vizuri kabisa, ila ndani hakuna kinachobadilika. Na mara nyingine inaachia mwanzoni, chambo kimeshaenda mita kadhaa ndo breki inakamata ghafla, mshipi unapiga kelele na chambo kinakatika kinaenda zake. Vile vyambo navyo ni pesa jamani.

Kabla hamjaniambia ni mie sijui kurusha, ile nati ya kubana spuli upande wa mkono nimeipanga inavyotakiwa, nikining'iniza chambo na kubonyeza kitufe cha dole gumba kinashuka taratibu na kikigusa chini spuli inasimama. Beringi nimezitoa nimezizungusha, kimya, hazina mchanga hazina kutu. Mshipi haujajaa kupita ukingo wa spuli. Nimebadilisha chambo kizito na chepesi, ni vilevile.

Nikafungua kifuniko (ndio, kile cha kwenye kitabu) na nilichokuta ni grisi. Nyeupe, nzito, ya kiwandani, imepakwa mpaka kwenye ringi ya breki yenyewe, sehemu ambayo inatakiwa iwe kavu kwa sababu ndo inayosuguliwa. Brekipedi ziko sita, nne zinateleza, mbili zimegandia kwenye vijiti vyake kwa grisi hiyohiyo, ukitikisa hazitoki mpaka uzisukume na ncha ya kijiti cha meno. Maana yake ni nini, spuli inazunguka na brekipedi nne badala ya sita, alafu katikati ya kurusha moja au mbili zinabanduka zinakamata. Ndo hiyo breki ya ghafla niliyowaambia. Ni kitu unakiona kwa macho, hakihitaji maabara.

Upande wa sumaku ndo pabaya zaidi. Nikashika kifuniko mkononi, mbele ya taa, nikazungusha namba kutoka sifuri mpaka 10 na kurudi huku natazama ile sahani iliyoshika sumaku. Haijasogea. Imekaa palepale. Nikaigusa kidogo na kijiti ikaruka tap ikakaa ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Nikachungulia chini yake kuna springi ndogo inayoirudisha, na springi imeshaota kutu, na pembeni kuna unga mweupe wa chumvi. Video ya jambo hili niliwatumia wasapu, alama mbili za bluu zipo, jibu hakuna.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Boksi lenu limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba rili ni ya maji chumvi. Sio mimi niliyesema. Mie naishi Tanga, ningeenda kuvulia wapi, kwenye ndoo? Rili ya maji chumvi inawekewaje springi ya chuma cha kawaida mahali ambapo unyevu lazima uingie, maana mshipi unarudi umelowa kila ukikunja na maji yanarushwa humo ndani na spuli yenyewe? Kila nikirudi naifuta kwa kitambaa chenye maji baridi, naikausha kivulini, namba narudisha sifuri. Zaidi ya hapo mlitaka niifanyie nini.

Nilivyoona hamjibu nikaisafisha mwenyewe. Nimezichomoa brekipedi kwa kibanio, nikafuta ringi na vijiti kwa spiriti ya famasi na zile pamba za masikio mpaka pamba ikawa inatoka safi, nikaacha ikauke, nikarudisha bila kupaka chochote kwenye ringi. Tone moja tu la oili kwa kila beringi basi. Brekipedi zikapona kabisa, zote sita zinacheza, na mpaka leo hazijagandia tena, kwa hiyo hilo la kwanza nimelimaliza kwa shilingi chache ambazo mafundi wenu hawakutaka kuzitumia. Ila sumaku ziligoma. Zilisogea vizuri kwa muda, chumvi ikarudi, springi ikanasa tena, maana springi iliyokwisha liwa na kutu hata uiogeshe haiwi mpya. Hii ndo hoja yangu kwenu, uchafu ningeumaliza na nimeumaliza, kilichobaki ni kipuri kibovu na hicho sina pa kukipata isipokuwa kwenu.

Majibu yenu sasa. La kwanza mlisema niongeze oili kwenye breki. Jamani. Oili kwenye ringi ya breki inafanya brekipedi ziteleze zisikamate, alafu ikishika vumbi na chumvi inakuwa gundi na zinanasa, yani ni ugonjwa uleule nilionao mnaniambia niuongeze. Aliyeandika hilo jibu amewaandikia wangapi? La pili mlisema niipulizie maji ya presha kutoa chumvi, na maji ya presha ndo yanayoisukuma chumvi ndani kwenye beringi na chini ya sahani ya sumaku. La tatu ndo hilo la kifuniko. Majibu matatu, na hakuna hata moja lililouliza nimefungua nimekuta nini.

Jamaa yangu mmoja tunavua naye ana rili kama hii hii, kanunua hapohapo kwenu, nikamwambia ashike kifuniko azungushe namba kwenye taa. Sumaku zake zinasogea nusu njia. Yeye hajawahi kufungua kabisa kabla ya hapo, alikuwa anadhani ni mkono wake umeharibika. Mjue hilo, kuna wateja wenu kibao huko nje wanajilaumu wenyewe.

Ninachotaka ni hivi. Nipeni kifuniko kipya kizima cha pembeni chenye sumaku na springi isiyoshika kutu, hapo tunamalizana na hata sina haja ya rili nyingine, mashine kwa ujumla ni nzuri, gia ziko laini na dregi, ile breki ya kumlegezea samaki mshipi akivuta, inatoka vizuri, sina chuki nayo. Kama kifuniko peke yake hamna, na nahisi hamna maana nimeuliza dukani mara ya kwanza wakaniangalia tu, basi nibadilishieni rili nzima, na hiyo mpya fundi wenu aifungue mbele yangu aitoe grisi kwenye ringi kabla sijaondoka. Kama hilo nalo haliwezekani nirudishieni hela yangu yote, na nauli ya kifurushi juu. Kukarabatiwa kwa kupakwa grisi nyingine sitaki.

Na lile neno la kifuniko mlifute. Niandikieni kwa maandishi kwamba kufungua kifuniko cha pembeni kupanga breki hakuvunji waranti, maana leo ni springi, kesho itakuwa beringi, na mtanirudishia wimbo uleule.

Sipendi kutishana, ila bidhaa iliyouzwa kama ya maji chumvi na haihimili maji chumvi ina sheria zake. Kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpa mlaji maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji. Nina boksi, nina kitabu, nina risiti, nina video, nina majibu yenu yote ya wasapu. Ningependa zaidi tumalizane wenyewe kwa wenyewe, ni kispringi kidogo tu hiki.

Rili nimeshaifunga kwenye boksi lake, spuli nimetoa mshipi, brekipedi zote sita zimo na kile kifuniko nimekiweka kwenye mfuko peke yake ili msipate tabu kuangalia. Naweza kuipakia kwenye basi la asubuhi siku yoyote ikafika Dar mchana, ila sitaituma dukani kwa mtu wa kaunta, nataka jina na namba ya fundi atakayeipokea na anijibu kwa maandishi kwamba ameipata na nini kimo ndani. Nisipopata jina hilo mpaka Ijumaa ijayo, malalamiko yanaenda FCC Jumatatu na video ikiwa imeambatanishwa.

Ni mimi mteja wenu,
Tanga