Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Historia, Kalenga

Wazee wetu, akina mama, ndugu wanachama na vijana mliofika, kamwene.

Mhazini atasoma hesabu baada yangu, na karatasi zake zimebandikwa ukutani tangu asubuhi, kwa hiyo mimi fedha sitazigusa. Nitaeleza kazi tulizofanya mwaka huu, zilizokwenda vizuri na ile moja iliyoniumiza, kisha nina ombi kwenu.

Naanza na tarehe 19 Juni. Siku kama hiyo mwaka 1954, Gavana Edward Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa fuvu la babu yake, hapa hapa Kalenga. Babu huyo, Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe hai, baada ya kuwindwa miaka minne na kichwa chake kuwekewa zawadi ya rupia 5,000. Wajerumani walimkuta amekwisha kufa, wakakata kichwa na kukipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Mwishowe Twining alilifuata mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, likatafutwa katikati ya mafuvu mengine mengi kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mtwa waliokuwa hai.

Haya tumekuwa tukiyasema kila mwaka kwenye hotuba, na watoto wa shule wanayajua kwa moyo. Mwaka huu kamati iliamua hotuba zipunguzwe. Tuliwaita wazee ambao mwaka 1954 walikuwa watoto, tukawapa viti vya mbele, tukawaomba watuambie walichokiona wao, siyo walichokisoma baadaye. Bibi mmoja alituambia kwamba hakuona kitu. Alikuwa mdogo, mbele yake palijaa migongo ya watu wazima. Anachokumbuka ni bibi yake kuamka gizani siku ile na kufagia uwanja wote wa nyumba, kimya kimya, kama mtu anayesubiri msiba uingie.

Tangu siku hiyo sijaacha kufikiri juu ya ule ufagio. Kwa miaka mingi tumeisimulia historia ya Kalenga kama historia ya kichwa kimoja. Kichwa hicho ni chetu na heshima yake haipungui. Lakini Kalenga ilikuwa ngome ya Mtwa, na ngome hii ilikuwa na watu ndani yake. Kuna aliyechota maji Ruaha Mdogo kila asubuhi, kuna aliyesaga unga wa kulisha jeshi, kuna aliyebeba jiwe begani kutoka mbali, na kuna mama aliyejifungua humu ndani huku habari za Wajerumani zikikaribia. Hao hawana kioo cha makumbusho. Wamebaki kwenye vinywa vya wajukuu, na wajukuu hao nao wanazeeka. Kazi nyingine zote za mwaka huu zilitokana na wazo hilo.

Kazi kubwa kupita zote ilikuwa ukuta. Mnajua kwamba jina la Iringa lenyewe linatokana na lilinga, yaani ngome, na ngome yenyewe ilikuwa hapa kwetu. Mji wa sasa kule juu ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1896, baada ya hapa kubomolewa. Majeshi ya Gavana von Schele yaliivamia Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, mizinga ikipiga kutoka nje, na ukuta uliokuwa fahari ya Wahehe ukavunjwa. Mabaki yamekatikakatika: kipande kiko kwenye shamba la mahindi, kingine nyuma ya choo cha mtu, kingine kimefunikwa na majani hadi upite juu yake bila kujua. Vijana wetu walitembea na wazee msimu mzima wa kiangazi, wakachomeka vijiti na kuchora ramani kwenye daftari. Kila kijiti kiliandikiwa jina la shamba na jina la mzee aliyetuonyesha. Kisha tukakaa na wenye mashamba, nyumba kwa nyumba. Hatukumlaumu mtu ambaye jiwe la ngome liko kwenye msingi wa nyumba yake. Babu zetu walilichukua kwa sababu walikuwa wakijenga upya maisha yao, na jiwe lililokuwa karibu lilikuwa hilo. Tuliomba tu kwamba yaliyobaki yasisogezwe, na trekta lisipite pale penye kijiti. Karibu wote walikubali. Waliobaki wanataka kwanza kuhakikishiwa kwamba mashamba yao hayatachukuliwa, na hofu hiyo ni ya haki. Nimewaahidi kwa maandishi kwamba chama hiki hakiombi ardhi ya mtu yeyote.

Hapo inafaa tuelewane kuhusu sheria, maana wengi hudhani kila kitu cha kale kinalindwa na serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Vya baada ya hapo vinapata ulinzi huo pale vinapotangazwa rasmi. Sasa pigeni hesabu: karibu kila kitu tunachokumbuka sisi cha zama za Mtwa Mkwawa ni cha baada ya 1863. Jembe la babu yako, chungu cha bibi yako, jiwe la kusagia lililoko uani, mlinzi wake wa kwanza ni wewe.

Sheria hiyo hiyo inakataza kufukua mahali pa kale bila leseni, na hili nalisema kwa uchungu. Mwaka huu tumekuta mashimo mapya mara kadhaa. Watu wanakuja usiku, wengine wakiongozwa na waganga, wakitafuta mali ya Mjerumani. Wanaamini rupia na dhahabu zilifukiwa. Wanachopata ni vigae na mifupa, wanavitupa kando na kuondoka, na wakishavitupa hakuna mtaalamu atakayeweza kusema kigae kile kilikuwa tabaka gani wala kando ya nini. Shimo moja la usiku linafuta ukurasa ambao hauandikwi mara ya pili. Tumekubaliana na uongozi wa kijiji kwamba anayeona mwanga wa kurunzi kwenye eneo la ngome apige simu, hata iwe saa nane usiku. Tafadhali msione haya kumtaja mtu kwa sababu ni jamaa yenu.

Safari zilikuwa mbili. Ya Isimila, kwenye mabaki ya Zama za Mawe, tuliyokwenda na wanafunzi, nitaitaja kwa ufupi kwa kuwa walimu wameshaieleza: watoto waliona zana za mawe na zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji, wakarudi wakiwa wamechoka na wenye furaha. Ya Lugalo ilikuwa nzito zaidi. Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe waliuvizia pale msafara wa Emil von Zelewski, yule waliyemwita Nyundo, wakausambaratisha kwa mikuki kabla mizinga haijafunguliwa kwenye mizigo. Zelewski alifia hapo pamoja na askari wake wengi. Kuna mnara wa kumkumbuka yeye na wenzake. Tulisimama mbele yake, na kijana mmoja akauliza kwa sauti: na wetu je? Kwa maana Wahehe nao walipoteza watu siku ile. Njiani kurudi, ndani ya basi, tulianza orodha ya koo zinazosimulia kwamba mtu wao aliangukia Lugalo. Orodha imeendelea kukua, naipitisha leo kwenye mkutano huu. Andika ukoo wako, andika pia uliambiwa na nani, maana habari isiyo na mwenyewe haitusaidii.

Mlambalasi hatukwenda mwaka huu kwa sababu ya nauli. Naomba isirudi kutokea. Kule ndiko uliko mwili wa Mtwa, na kule kule chini ya mwamba watafiti wamekuta mabaki ya binadamu wa Zama za Mawe za Mwisho. Kaburi la jana na kaburi la maelfu ya miaka viko mahali pamoja, na nataka watoto wetu wasimame hapo wakiwa na akili zao zote.

Sasa jambo lililoniumiza. Mwanzoni mwa mwaka tulirekodi mazungumzo ya mzee mmoja kwa Kihehe, alasiri nzima, kuhusu jinsi familia yake ilivyohama baada ya ngome kuanguka na walivyoishi msituni. Tulirekodi kwenye simu moja. Simu iliharibika kabla hatujahamisha sauti, na kabla hatujarudi kwake, mzee akafariki. Kosa hili ni langu kama mwenyekiti, kwa sababu mimi ndiye niliyesema tutahamisha wiki ijayo. Familia yake nimeifuata nyumbani na kuiomba radhi, wakanipokea kwa upole ambao sikuustahili. Tangu hapo utaratibu umebadilika: kila mazungumzo yanarekodiwa kwa simu mbili, yanahamishwa siku ile ile, na kijana mmoja anaandika muhtasari kwa mkono papo hapo. Familia nayo inapewa nakala yake kwenye kadi, kwa sababu maneno ni yao kabla hayajawa ya chama.

Ombi langu kwa mwaka ujao ni kwamba kila mwanachama alete mzee mmoja. Simaanishi mzee mashuhuri. Leteni yule mama anayejua kisima cha zamani kiliitwaje, yule babu anayejua kwa nini shamba fulani halilimwi, yule anayekumbuka wimbo wa kutwangia hata kama ni nusu yake. Vijana wanaojua kuandika Kihehe vizuri wajiandikishe kwa katibu leo, maana sauti tulizo nazo ni nyingi kuliko mikono ya kuziandika.

Jumamosi hii tunaanza upande wa mtoni wa ukuta, ambao bado haujachomekwa vijiti. Yule bibi wa ufagio ameniambia atatuongoza yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa akichunga mbuzi huko. Anatembea polepole, kwa hiyo tukutane saa moja asubuhi kabla jua halijapanda. Kigoda chake atabeba mjukuu wake.