Harambee ya klabu ya redio: tusaidieni kupata sikio

Wazazi, walimu, majirani na nyote mliopitia shule hii, assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Likizo ya Aprili watoto kumi na wawili wa klabu yetu walipanda juu ya paa la maabara na antena waliyoiunda wenyewe kwa bomba la maji la plastiki na vipande vya futi ya chuma, ile ya mafundi. Redio ya mkononi ilitegwa kwenye masafa ya megahezi 145.800, simu yangu ikalazwa kando yake. Kituo cha Kimataifa cha Anga kilipoibuka nyuma ya miembe upande wa Tsavo, redio ikaanza kulia kama nyenje, simu ikageuza mlio huo kuwa picha, na kwenye kioo chake picha ikajichora mstari mmoja mmoja kuanzia juu. Picha moja huchukua kama dakika mbili. Ya kwanza ilifika nzima. Ya pili ilipofika nusu, fundi jirani akawasha mashine ya kuchomelea, na chini yote ikawa chenga tupu. Dakika kumi hazikutimia, kituo kikazama upande wa Lamu. Picha zote mbili ziko kwenye ubao wa matangazo, na watoto wanaipenda zaidi ile iliyoharibika.

Antena yenyewe haiko tena. Kusi ilipovuma, chumvi ilikula viunganishi vyote, na kufika Agosti ukiigusa inamwaga kutu. Ndiyo sababu ya barua hii: tunataka kujenga kituo cha kudumu cha kupokea setilaiti ndogo, zile zinazoundwa na wanafunzi na watu wa redio ya ridhaa, yaani wanaofanya mambo ya redio kwa mapenzi yao bila kulipwa.

Hawa si watu wa juzi. Setilaiti yao ya kwanza, OSCAR 1, iliundwa California na kurushwa tarehe 12 Desemba 1961, miaka miwili kamili kabla ya bendera yetu ya Kenya kupandishwa. Kazi yake ilikuwa kutamka neno moja tu kwa nukta na mikato, yaani milio mifupi na mirefu ya Morse: "HI". Nyingine, AO-7, yaani OSCAR ya saba, ilirushwa mwaka wa 1974, ikafa betri mwaka wa 1981, na watu wakaisahau. Mwaka wa 2002 ikasikika tena! Betri ile mbovu ilikuwa imekatika kabisa ndani, umeme wa jua ukapata njia ya kufikia mitambo moja kwa moja. Hadi leo hufanya kazi ikiwa kwenye jua na hunyamaza ikiingia kivulini, kama mzee wa barazani.

Siku hizi setilaiti ya wanafunzi huweza kuwa sanduku la sentimita 10 kila upande, lenye uzito wa kilo moja na kitu. Ya kwetu, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa kutoka kituo cha anga Mei 2018. Uganda wakafuata na PearlAfricaSat-1 mwaka wa 2022. Nyingine zinakuja: wanachama wa AMSAT, chama cha setilaiti za redio ya ridhaa, kule Marekani wamekuwa wakiandaa familia ya setilaiti za GOLF, na karibu kila roketi inayobeba mizigo mingi midogo ina sanduku la chuo fulani ndani yake. Kabla ya kurushwa, masafa yake hutangazwa, na walioiunda huomba dunia nzima itege masikio. Saa za mwanzo ndizo za roho juu. Mara nyingi vijana waliotoka jasho miaka mitatu wako upande mwingine wa dunia, na anayewaambia "iko hai" ni mtu wasiyemjua aliyeinasa juu ya paa lake. Kwa nini paa hilo lisiwe letu?

Kuna mzazi aliyeniuliza mkutanoni: "Mwalimu, kwa nini tusichange tukajenga setilaiti yetu wenyewe?" Nilimjibu kwamba setilaiti isiyo na wa kuisikiliza ni jiwe. Tuanze na sikio.

Na ufuo huu haukuanza jana. Kutoka majukwaa ya baharini ya Ngomeni, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikapewa jina Uhuru kwa sababu siku yenyewe ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu. Jina la Kiswahili liko kwenye vitabu vya wanasayansi wa nyota, na watoto wetu wengi hawajui. Klabu hii wanajua.

Sasa pesa. Hesabu yote ni shilingi 224,000. Mkononi tuna 61,500, zilizobaki ni 162,500. Kinachotuumiza kichwa ni mota ya kuzungusha antena ifuate setilaiti, shilingi 92,000 peke yake. Bila hiyo mtoto anasimama na antena mpaka mkono unakufa ganzi, na usiku haiwezekani. Paneli ya sola na betri ni 38,000, kwa sababu setilaiti haisubiri stima irudi. Zinazobaki ni za vipokezi, waya, kompyuta ndogo, mlingoti na skrubu zisizoshika kutu. Kwenye skrubu sitaki kubana hata senti.

Dishi tumeshapewa. Ni dishi la kawaida la kutazamia mpira, tutaligeuza zaidi magharibi lielekee Es'hail-2 ya Qatar, ambayo tangu ilipopaa mwaka wa 2018 imebeba mtambo wa redio ya ridhaa unaosikika kutoka Brazil hadi Thailand. Haisogei, hivyo haihitaji mota. Nyinyi mliosoma hapa na sasa mko Doha, hiyo ni setilaiti ya mlikohamia, basi msijifanye hamkusikia.

Kwa sasa tutapokea tu. Kurusha sauti kunataka leseni, na hilo tutalifuata kwa utaratibu wake.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya muhula, saa nane mchana, uwanjani. Namba ya kulipia iko kwenye kadi aliyoleta mtoto, na kila shilingi itaandikwa kwenye daftari la mweka hazina, ambalo litakuwa mezani mtu yeyote alifungue. Asiye na pesa alete jogoo, nazi au mkate wa sinia; mnada utakuwepo. Anayeweza kuahidi aahidi, ila tutamkumbusha.

Siku hiyo pia kituo cha anga kitapita juu yetu. Saa kamili tutaibandika langoni wiki hiyo, maana ratiba yake hubadilika. Watoto watapanda juu na antena mpya ya futi, nanyi mtasikiliza kwenye spika. Fundi wa kuchomelea amechanga 500 na kuahidi kuzima mashine.