Waliowaonyesha watafiti njia wamesahauliwa

Mhariri,

Nimekuwa kondakta wa matatu jijini Nairobi kwa miaka 19 bila kuandikia gazeti lolote, lakini taarifa yenu iliyodai kwamba ramani za kidijitali ndizo zilizoleta mpangilio katika usafiri wetu imeniudhi. Namba 46 ya Kawangware na 111 ya Ngong zilikuwa kwenye vioo vya magari kabla mtafiti yeyote hajapanda na simu yake.

Siudharau utafiti. Katika mradi wa Digital Matatus, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na vyuo vikuu vya Columbia na MIT vya Marekani. Wanafunzi walizunguka ndani ya matatu wakirekodi vituo kwa simu, na mwaka 2014 ikatolewa ramani ya njia zaidi ya 130, huru kwa yeyote kuitumia. Mfumo wa data waliouchukua ulibuniwa kwa mabasi yenye ratiba, ilhali sisi huondoka gari likijaa, hivyo walilazimika kuurekebisha. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa.

Kinachoniuma ni yaliyotokea garini mwangu miaka michache baadaye, watafiti wa mradi mwingine walipokaa nami siku tatu nzima, nikawaonyesha vituo visivyo na kibao, vichochoro tunavyopitia barabara ikifurika, na mahali nauli inapopanda mara mvua inapoanza, wakaandika yote na kuahidi kuniletea ramani. Hawakurudi. Kituo kimoja kikahamishwa, na jioni moja nikitembea kwenda nyumbani nikamkuta mama mwenye mtoto mgongoni akisubiri pale pa zamani, ramani ikiwa wazi kwenye simu yake, giza likiingia, ilhali hakuna gari lililokuwa limesimama hapo kwa miezi minane. Nilipopiga namba niliyoachiwa, nikajibiwa kwamba fedha za mradi zimekwisha na hakuna wa kusahihisha data. Utafiti unaoitwa shirikishi unawezaje kukoma siku data inapochukuliwa?

Wanaohamisha vituo nao hawatuarifu. Tunajua asubuhi, tunapofukuzwa na askari.

Napendekeza kila mradi utenge malipo ya kondakta mmoja na dereva mmoja kwa kila njia, wakutane na watafiti kila baada ya miezi mitatu, na ramani iliyosahihishwa ichapishwe na kubandikwa vituoni, tarehe ya marekebisho ikiwa kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mimi niko tayari kuanza na njia yangu.

Kondakta,
Nairobi