Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara ya Hisabati: tuonyesheni karatasi zetu za testi

Shikamoo Dokta.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapo chuoni kwako. Mwaka jana kalkulasi ilinipa sapu, yaani mtihani wa marudio, nikarudi chuoni Septemba wenzangu wakiwa bado makwao. Siilalamikii sapu, niliistahili. Shida yangu ni bunda la karatasi.

Testi ya kwanza, Desemba, nilipata 7 kati ya 20. Hiyo 7 niliiona kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya namba yangu ya usajili, basi. Karatasi yenyewe sikuiona. Nikajiambia kalkulasi yenyewe ndiyo imenishinda, maana mimi nimetoka PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), nilisoma BAM, ile hesabu ya msingi inayoyagusa mambo haya juu juu, na wenzangu wa PCM, wenye Hisabati badala ya Biolojia, walishayazoea tangu kidato cha tano. Nikapiga msuli kwelikweli: madesa, mitihani ya miaka ya nyuma, usiku kwenye vimbwete na jamaa mmoja ambaye hesabu zinamtiririka tu. Yeye anakokotoa, mimi naitikia kwa kichwa, naona nimeelewa. Testi ya pili nikapata 8.

Siku chache kabla ya sapu nilimwomba mhadhiri msaidizi mmoja anionyeshe karatasi zangu. Akafungua kabati, akatoa bunda lililofungwa kwa mpira, akapekua. Swali la kwanza lilitaka mteremko wa x² kwa njia ile ndefu: unaongeza h, kisha unaiacha h ipungue kuelekea sifuri. Kwenye (x + h)² mimi nimeandika x² + h². Ile 2xh ya katikati haipo. Nikatoa x², nikagawanya kwa h, ikabaki h, h ikaenda sifuri, jibu 0. Yaani kwa hesabu zangu, mchoro ule uliopinda kama bakuli ni tambarare kila mahali kama sakafu! Pembeni, kwa wino mwekundu: "Mabano!"

Mabano, Dokta. Hatua za kalkulasi zote zilikuwa sawa. Mimi niliyekaririshwa MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) shule ya msingi nilianguka kwenye mabano ya sekondari. Karatasi ya pili ilikuwa na ugonjwa uleule, safari hii chini ya kipeuo: √(x² + 9) nimeigeuza x + 3. Dawa yangu ilikuwa imeandikwa tangu Desemba, ikafungiwa kabatini hadi Septemba. Jioni ile nilikaa na mabano tu, saa mbili hivi, na sapu nikafaulu.

Najua nitaulizwa kwa nini sikuuliza kwenye semina. Aibu ipo, sikatai: swali lenyewe uliulize kwa Kiingereza, na nyuma kuna watu wanaoguna. Lakini hata ningekuwa na ujasiri wa simba, ningeuliza nini? Kosa usilojua kuwa unalo huwezi kuliulizia. Semina yenyewe mhadhiri anakokotoa maswali ubaoni, sisi tunanakili, na ubaoni mabano yanafunguliwa vizuri kila siku.

Wahadhiri wamelemewa, hilo tunaliona. Mwenye karatasi mia tatu za kusahihisha hana muda wa kumkalisha kila mmoja wetu chini. Ila hapa kazi ngumu imeshafanyika: karatasi imesomwa, kosa limezungushiwa duara. Imebaki kumfikia mwenye kosa. Kama hofu ni kwamba tutakuja kugombea maksi (na wapo watakaogombea, tusidanganyane), au karatasi zinatakiwa kubaki idarani, basi tusiondoke nazo. CR, mwakilishi wa darasa, atuite kwa makundi, kila mtu akae na karatasi yake dakika 10, anakili makosa yake kwenye daftari, airudishe. Mhadhiri msaidizi mmoja anatosha kusimamia.

Mwaka wa kwanza wamefanya testi yao ya kwanza wiki iliyopita. Ya pili iko wiki nne mbele. Ombi langu ni hilo moja: waone karatasi zao kabla ya siku hiyo. Kabati ninalijua, ni lile la kushoto ukiingia.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili, PCB wa zamani