Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Wenye Viwanja, Iringa

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za mwaka uliopita mnazifahamu. Barabara ya kuingilia ilichongwa, mitaro ilizibuliwa, tulishirikiana katika misiba miwili, na upimaji wa shamba letu la pamoja kando ya Mto Ruaha Mdogo ulifikia hatua ya kuwekwa bikoni.

Naomba mnivumilie katika suala la bonde la majimaji lililo ndani ya shamba hilo, ambalo kamati iliamua lisigawiwe viwanja, kwa kuwa yamesemwa mengi, hata kwamba mwenyekiti amewanyima wanachama viwanja 14. Mchoro wa kwanza wa mpimaji ulikuwa na viwanja hivyo, ni kweli. Vitano kati yake vilikuwa ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ambamo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu. Hivyo havikuwa vyetu kuvigawa. Tisa vilivyobaki vilikuwa nje ya mita hizo, na hapo uamuzi ulikuwa wetu. Sikatai kwamba mimi ndiye niliyeshikilia viachwe.

Korongo taji, ndege ambaye tangu 2012 amewekwa miongoni mwa wale walio hatarini kutoweka duniani, hujenga kiota kwenye majani marefu yaliyosimama majini, lakini hutafuta chakula kwenye nyasi za wazi zilizo jirani. Tukimwachia ukanda wa mto peke yake na kupandisha kuta hadi mpakani, tutakuwa tumemwachia kitanda bila jiko. Tena bonde hilo ndilo linaloshika maji ya masika na kuyaachia taratibu wakati wa kiangazi. Bonde la majimaji la Ihefu kule Usangu lilipopungukiwa maji, Mto Ruaha Mkuu unaotoka humo ulianza kukauka kila kiangazi kuanzia 1993, na sisi watu wa Iringa hatuhitaji kuhadithiwa. Wenye vinyungu, yaani bustani za kiangazi humo bondeni, wameumia, nalitambua hilo, na ndiyo maana kamati iliwaruhusu wavune kwanza.

Lawama kwamba kamati iliamua peke yake inanisikitisha. Mkutano mkuu uliitishwa mara mbili: kati ya wanachama 148 walifika 39, kisha 31, ilhali akidi ni nusu. Mpimaji alikuwa akidai jibu, na katiba yetu inairuhusu kamati kuamua katika hali kama hiyo. Waliokuwa na hoja wangekuja kuzitoa. Waliolipa ada ya shilingi 24,000 ni 61 tu, jumla shilingi 1,464,000, na fedha hizo zote ziliishia kwenye barabara. Safari za kufuatilia marekebisho ya mchoro ofisi ya ardhi nilizigharamia mwenyewe, nami sijadai kurudishiwa.

Hali ya fedha ikiruhusu, tunatarajia kupanda miti ya asili pembezoni mwa bonde badala ya mikaratusi inayonyonya maji, na kuomba eneo hilo litambuliwe rasmi kuwa eneo la wazi. Wenye madeni ya ada wamwone mtunza hazina kabla ya mkutano ujao.

Mwenyekiti